Farrokh Alipojaribu Kuimba Peke Yake

Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 1985, siku tatu baada ya Tanzania kuadhimisha miaka 21 ya Muungano, kampuni ya CBS iliingiza sokoni huko Uingereza santuri yenye nyimbo 11, zote za mtunzi mmoja. Iliitwa Mr. Bad Guy. Mtunzi na mwimbaji wake alikuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na hii ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza bila wenzake watatu. Umri wake miaka 38. Wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara, naye alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946.

Huku kwetu bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, habari hiyo haikufika wala isingeweza kufika. Mwisho wa Aprili mvua zinakatika, mpunga wa Ilemba unainamisha vichwa, na njia ya kupanda Sumbawanga bado ni tope. Miaka hiyo Rukwa ilihesabiwa katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Magunia yalipakiwa kwenda Tunduma, lakini sukari, sabuni na betri za redio zilirudi kwa kusuasua. Mwenye betri nzima alisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na humo alipata dansi la nyumbani. Televisheni Bara haikuwepo kabisa, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Kwa hiyo albamu ya kwanza ya peke yake ya mtoto wa Unguja ilipita bila Watanzania wengi kujua kwamba kuna mwenzao aliyeimba.

Naye hakuwasaidia kujua. Katika mahojiano yake yote ya miaka 20 ya umaarufu, Zanzibar aliitaja kwa nadra sana, na akiulizwa asili yake alipita pembeni. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, kwa sababu ukitazama maisha yake utaona kwamba kila alipozoea mahali alihamishwa. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza. Waparsi wa Unguja walikuwa jamii ndogo, waumini wa dini ya Zoroasta katikati ya bahari ya Waislamu, wakiishi kwa mishahara ya ofisi. Mtoto alianza masomo kwa watawa wa Kianglikana mjini, na alipofika umri wa miaka minane hivi akapandishwa meli kwenda India, shule ya bweni ya St. Peter's kule Panchgani, si mbali na Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano, na huko ndiko alikounda bendi yake ya kwanza na wanafunzi wenzake, The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Desemba ya mwaka huo visiwa vikapata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Familia ikaondoka na masanduku machache, ikafikia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na miaka 17.

Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima na sitayarudia kwa urefu. Alisoma sanaa ya michoro Ealing, akamaliza 1969. Mwaka uliofuata aliungana na Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma, bendi ikaitwa Queen, naye akajiita Mercury. John Deacon wa gitaa la besi akaingia 1971. Kufikia 1975 walikuwa wametoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ambao wenye redio waliambiana hautapigika, ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa.

Jambo moja kuhusu bendi hiyo ni la lazima kwa hadithi yetu. Wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja aliandika angalau wimbo mmoja uliotikisa dunia. Ndiyo maana studio yao haikuwa na amani. Kila albamu ilikuwa baraza la wazee wanne wasiokubaliana: huyu anataka gitaa lipande, yule anataka ngoma, mwingine anasema wimbo wako ni mbaya, utupe. Baada ya Hot Space ya 1982, albamu iliyoegemea muziki wa disko na kuwakasirisha mashabiki wengi wa roki, walichokana. Mwaka 1983 wakakubaliana kupumzika. Taylor alikuwa ameshatoa albamu yake 1981. May akaenda Los Angeles kurekodi na Eddie Van Halen. Freddie akasema na yeye anataka yake.

Akaenda Munich. Studio iliitwa Musicland, mali ya Giorgio Moroder, yule Mtaliano aliyempa Donna Summer midundo yake ya sintesaiza, nayo ilikuwa chini ya ardhi, katika ghorofa la chini la jengo refu la Arabella. Queen walikuwa wameshafanya kazi hapo tangu albamu ya The Game ya 1980, na fundi wao, Reinhold Mack, ndiye aliyekaa na Freddie kwenye mitambo. (Msomaji wa Ufipa huenda atatabasamu kidogo hapa. Wajerumani walipotufikia sisi walijenga boma Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Huyu mwana wa pwani yetu yeye aliwafuata kwao, kwa hiari na kwa furaha, na majumba ya usiku ya Munich yalimfahamu vizuri kuliko alivyotaka wazazi wake wajue.)

Kazi iliyopaswa kuwa ya miezi ikawa ya karibu miaka miwili. Kwanza alikuwa na ndoto ya kualika watu wakubwa. Mwaka 1983 alikwenda California nyumbani kwa Michael Jackson, aliyekuwa juu kabisa kwa sababu ya Thriller, wakaanza nyimbo tatu wala hawakumaliza hata moja. Mojawapo, There Must Be More to Life Than This, alirudi nayo Munich na kuiimba mwenyewe. Toleo lenye sauti za wote wawili lilikuja kutoka 2014, wote wakiwa wameshafariki. Pili, bendi haikumwachia nafasi aliyoitaka. Mwaka 1984 Queen walitoa The Works na kuanza ziara. Septemba mwaka huo yeye akatoa wimbo mmoja wa peke yake, Love Kills, alioutunga na Moroder kwa ajili ya filamu ya kale ya Metropolis iliyotiwa muziki mpya. Uliingia katika kumi bora Uingereza. Akapata moyo.

Mwezi uliofuata alifanya jambo ambalo mimi, Mtanzania, sijawahi kulipitia haraka. Oktoba 1984 Queen walikwenda Sun City, kasino iliyojengwa katika Bophuthatswana, nchi ya bandia ya utawala wa makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasikanyage huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja vikwazo. Bendi ilijitetea kwamba wao ni wapiga muziki, siasa si kazi yao. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali hiyohiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa mwenyekiti wa nchi za mstari wa mbele. Haiwezekani kusema kwamba mtu aliyezaliwa Unguja hakuwa na namna ya kujua. Sauti yake ilikatika jukwaani siku za mwanzo za maonyesho hayo, baadhi yakaahirishwa. Sisemi ilikuwa laana, koo lake lilikuwa na matatizo ya siku nyingi. Lakini sauti hiyo ndiyo aliyorudi nayo studio.

Januari 1985 walipiga Rock in Rio, Brazil, mbele ya umati wa watu laki kadhaa, kisha Freddie akarejea Munich kumaliza kilichobaki.

Albamu yenyewe ikoje? Iliyotangulia sokoni ilikuwa I Was Born to Love You, na iliposikika Aprili 1985 ikafika namba 11 Uingereza. Ni wimbo wa mwendo kasi, ngoma za mashine zinagonga kama cherehani, na juu yake anaimba mtu ambaye angeweza kujaza uwanja bila kipaza sauti. Hapo ndipo tatizo la albamu nzima linapoonekana. Sauti ni kubwa kuliko nyumba iliyojengewa. Wapigaji aliowachukua walikuwa mafundi safi: Fred Mandel kwenye vinanda, Curt Cress kwenye ngoma, Paul Vincent kwenye gitaa, Stephan Wissnet kwenye besi. Walipiga walichoambiwa. Hakuna aliyemwambia Freddie kwamba kibwagizo kimerudiwa mno, kama ambavyo May angemwambia. Hakuna aliyesema ukimya wa sekunde mbili hapa ungefaa, kama Deacon, aliyekuwa akiongea mara chache na kupatia.

Panapofaa, hata hivyo, panafaa kweli. Wimbo uliobeba jina la albamu hauna gitaa la roki. Aliita okestra nzima, Rainer Pietsch akaipanga, na Freddie akaacha koo lipande na kushuka na vinubi na tarumbeta kama mtoto aliyefunguliwa duka la pipi. Queen wasingemruhusu. My Love Is Dangerous unaanza kwa mwendo wa rege. Na Living on My Own, ambao kwa maoni yangu ndio wimbo bora wa santuri yote, una sehemu ambapo anaacha maneno kabisa, ulimi unachezea silabi zisizo na maana kwa namna ya waimbaji wa jazi, huku piano ikimjibu. Isikilize sehemu hiyo kwa makini. Maneno ya wimbo ni malalamiko ya mtu mpweke asiye na wa kumpokea, lakini pale maneno yanapoisha mtu huyohuyo anacheka kwa sauti, yuko peke yake na anafurahi kuwa peke yake. Mambo hayo mawili hayajapatanishwa popote kwenye albamu, na ndiyo yanayoifanya iendelee kusikilizwa.

Kwenye jalada aliiweka wakfu kwa paka wake Jerry, akawataja na Tom, Oscar na Tiffany, pamoja na wapenda paka wote wa ulimwengu. Binadamu wengine wote akawatupia neno la matusi. Watu wa Mji Mkongwe, wanaoishi na paka kila barazani, wangemwelewa.

Ilifika namba 6 Uingereza. Marekani haikuingia hata mia moja bora. Nyimbo zilizofuata zilizama: Made in Heaven ikaishia namba 57 ingawa video yake ilijengewa mfano wa jumba la opera la Covent Garden, na Living on My Own ikaishia namba 50. Video ya wimbo huu wa mwisho ilipigwa kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, Munich, wageni wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe, wengi wao wanaume waliovaa kike. Kampuni ikaogopa kuionyesha.

Kati ya hayo kulikuwa na tarehe 13 Julai 1985. Albamu ilikuwa na miezi miwili na nusu sokoni, nayo Queen wakapanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Walipewa dakika 20 hivi. Watu 72,000 walipiga makofi juu ya vichwa kwa pamoja, na mpaka leo wengi husema hayo ndiyo maonyesho bora ya moja kwa moja katika historia ya roki. Freddie hakuimba hata wimbo mmoja wa albamu yake. Baada ya siku hiyo swali la kuihama bendi, ambalo magazeti ya London yalikuwa yakilipika, likaisha lenyewe. Alifanya kazi nyingine za pembeni, kubwa ikiwa Barcelona ya 1988 na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, lakini hiyo ni albamu ya watu wawili. Albamu ya kuimba peke yake kabisa ilibaki hiyohiyo moja.

Kwetu mwanamuziki wa 1985 asingeweza hata kuota anasa ya namna hiyo. Vyombo vilikuwa mali ya jumuiya, shirika au mfanyabiashara. Ukiudhika katika bendi ya JUWATA unahamia kwingine, na unapohama unabeba koo lako tu. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 hakwenda kuimba peke yake, alikwenda kuunda Super Volcano. Kurekodi ni studio za RTD, au safari ya Nairobi kwa mwenye nauli. Mtu kujifungia karibu miaka miwili na kuajiri okestra kwa wimbo mmoja ilikuwa hekaya.

Ila kuna Mwingereza mwingine aliyetoka kwenye bendi, na matunda yake sisi tuliyala. Peter Gabriel aliiacha Genesis mwaka 1975 akatoa albamu zake mwenyewe. Mwaka 1982 alianzisha tamasha la WOMAD likamtia katika deni, mpaka Genesis wakakusanyika tena kwa onyesho moja la kumkwamua. Mauzo ya albamu yake ya 1986, So, yalimwezesha kujenga studio za Real World katika kijiji cha Box, kaunti ya Wiltshire. Humo ndimo alimopita Remmy Ongala na Super Matimila, wakatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989, na humo ndimo Hukwe Zawose alimoingia na ilimba na zeze za Wagogo, akatoa Chibite mwaka 1996. Kwa hesabu ya muziki wetu, Mwingereza asiye na undugu nasi alitufaa kuliko aliyezaliwa nasi.

Remmy anaingia katika hadithi hii kwa mlango mwingine pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu hadharani watumie kondomu kujikinga na UKIMWI, na RTD ikakataa kuupiga. Wakati huo Freddie alikuwa na ugonjwa huohuo akiuficha. Alitangaza kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, na jioni ya kesho yake akafariki nyumbani kwake Kensington, umri miaka 45.

Ndipo albamu iliyozama ikaibuka. Mwaka 1993 watayarishaji wa No More Brothers waliichukua Living on My Own, wakaipa mdundo mpya wa disko, na Agosti ikapanda mpaka namba moja Uingereza. Ni wimbo pekee wa peke yake uliowahi kumfikisha hapo, naye hakuwepo. Toleo hilo ndilo lililopenya mpaka huku bondeni. Ingia kwenye kibanda chochote cha kuingiza nyimbo kwenye simu, Ilemba au Mtowisa, umwombe kijana zilipendwa za Kizungu. Atakupa Don Williams, Dolly Parton, Boney M, na katikati yao huyu, mara nyingi faili limeandikwa jina kwa makosa. Ukimwambia mwimbaji ni Mzanzibari atakutazama kama unayemdanganya, kisha atauliza kama ni yule wa kwenye filamu. Anaisema Bohemian Rhapsody ya 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, na ambayo kibanda hichohicho kimekwisha kuionyesha ikiwa na sauti ya mtafsiri.

Wenzake watatu nao waliirudia kazi ya Munich. Mwaka 1995 walikuwa na sauti chache alizowaachia akiwa mgonjwa, hazikutosha kujaza albamu, kwa hiyo wakafungua kanda za Mr. Bad Guy. Sauti ya Made in Heaven na ya I Was Born to Love You wakaziacha kama zilivyo, vyombo vyote wakavipiga upya: ngoma za Taylor badala ya mashine, besi ya Deacon, na gitaa la May likiingia pale ambapo mwaka 1985 palikuwa na kinanda. Zisikilize nyimbo hizo katika matoleo yote mawili, la 1985 na la 1995. Made in Heaven ya bendi ni nzito na ina pumzi. Sauti ileile iliyosikika kama inapiga kelele ndani ya chumba kidogo sasa ina ukuta wa kuegemea. Wakaipa albamu nzima jina la wimbo huo, ikaongoza Uingereza. I Was Born to Love You ikapata maisha ya tatu Japani mwaka 2004, kwenye tamthilia ya televisheni.

Zanzibar ilichukua muda kuamua la kufanya naye. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe wenye jina lake ulipanga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ikapinga, ikisema maisha yake yanachafua jina la visiwa, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye, tarehe 24 Novemba 2019, yalifunguliwa makumbusho yake Shangani, barabara ya Kenyatta, katika jengo ambalo watalii walikuwa wakipigia picha mlangoni siku zote. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba, mafundi Justin Shirley-Smith na Joshua J Macrae walikuwa wametoa Mr. Bad Guy iliyochanganywa upya kutoka kanda za mwanzo. Hawakuongeza mpigaji hata mmoja. Walichofanya ni kuisogeza sauti mbele na kuwaweka Mandel, Cress na wenzao mahali wanaposikika, ili albamu ibaki yake mwenyewe, makosa yake yakiwamo.